Kitambaa Kinachogeuka Rangi: Kinaona Amonia, Hakioni Sumu ya Mkaa

Nilipaka kitambaa rangi ya kabichi ya zambarau. Nilipokifua kikawa kijani. Maji yetu yana sumu?

Ni sabuni: nayo ni alkali (kinyume cha asidi), kama amonia, na rangi ya kabichi hugeuka ikiigusa. Usikifue.

Naomba hatua za kutengeneza kitambaa cha kuonya amonia (gesi kali ya kinyesi) kwenye banda la kuku.

Chukua marikani gramu 100. Ichemshe saa nzima kwenye maji yenye magadi soda kidogo ili uwanga wa kiwandani utoke, la sivyo rangi itashika mabaka. Suuza mpaka utelezi uishe. Yeyusha shabu (ya kushikisha rangi) gramu 15 kwenye maji moto, loweka kitambaa saa moja, kisha kikamue.

Katakata kabichi ya zambarau kilo 1, weka kwenye lita 3 za maji, acha yafuke mvuke nusu saa bila kutokota. Yakitokota rangi inaharibika. Tumia sufuria ya stili au ya enameli. Chuja. Maji ya kisima yenye magadi hugeuza supu hiyo kuwa ya bluu: dondoshea siki tone kwa tone mpaka zambarau irudi, ukome hapo hapo. Tumbukiza kitambaa saa moja, kianike kivulini.

Kijaribu kabla ya kukiamini. Weka mkojo wa ng'ombe uliolala siku kadhaa kwenye chupa, ning'iniza kipande chenye unyevu juu yake bila kugusana, funika. Kinapaswa kuelekea bluu, kisha kijani. Kikiwa kikavu kabisa kitachelewa, kwa sababu amonia lazima iyeyuke kwenye unyevu wa uzi ndipo rangi isikie.

Bandani kining'inize kimo cha kichwa cha kuku, si cha kichwa chako, mbali na vumbi la chokaa. Kingine kifungie kwenye kopo lisilopitisha mwanga, uwe nacho cha kulinganishia. Kikigeuka, fungua mapazia, toa maranda yaliyolowa, ziba chombo cha maji kinachovuja. Na wale wanaomwaga chokaa juu ya maranda mabichi ili "kuua harufu" waache: chokaa ndiyo inayoifukuza amonia iliyolala humo ipande hewani.

Choya haifai? Ni rahisi kupata.

Inafaa, ila ina asidi nyingi. Amonia hulazimika kuimaliza asidi hiyo kwanza, nawe unadhani hewa ni safi. Suuza kitambaa kwa maji matupu mara kadhaa mpaka wekundu mkali upungue. Manjano nayo hushika pamba vizuri na hugeuka rangi ya matofali, lakini jua huifuta upesi.

Je, kitanionya nikilala na jiko la mkaa? Na gesi ya kupikia?

Hakitakuonya. Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara kuna anayetaka jibu lingine. Rangi hizi zinasikia asidi na alkali tu. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa si asidi wala alkali, haina rangi wala harufu, na kitambaa kitabaki zambarau karibu na maiti. Usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala, hata liwe limebaki makaa tu. Gesi ya kupikia ni hivyo hivyo: pua yako na povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira vinashinda kitambaa chochote. Anayekuuzia kitambaa "cha gesi zote" anakuuzia pambo.

Mafundi wa kushuka kwenye chemba wakivae?

Hapana. Hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu ya humo, ni asidi dhaifu. Mtu ataanguka kabla rangi haijasogea. Msitegemee harufu pia: ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi. Wakodi kifaa chenye vihisi, wakishushe kwa kamba kabla ya mtu, na mwenzao akianguka asishuke mwingine kumfuata bila mtungi wa hewa.

Kikishageuka kinarudi?

Kikipata hewa safi, ndiyo. Kikifika njano hakirudi tena, tupa.