Muda wa nasibu kati ya matatu
Ndugu, umeuliza jinsi ya kuiga katika Python muda unaopita kati ya matatu moja na nyingine katika steji ya Kondele mjini Kisumu, ukijua tu kwamba wastani ni dakika 4. Ukitumia random.uniform(0, 8) utapata wastani huo huo, lakini hutapata kamwe pengo la dakika 15, ambalo abiria wa Kisumu wanalifahamu vyema. Iwapo magari yanafika bila kutegemeana, mgawanyo unaofaa ni wa eksponenshali, ambamo mapengo mafupi ni mengi na marefu ni machache; takriban asilimia 2 ya mapengo yake huzidi dakika 15.

Chukua u, namba ya nasibu kati ya 0 na 1, kutoka random.random(), kisha ukokotoe -4 * math.log(1 - u). Tunaandika 1 - u kwa sababu u inaweza kuwa 0 ila haifiki 1, na logi ya 0 ingesimamisha programu. Njia hiyo inafaa kwa mgawanyo wowote endelevu (wa thamani zisizoruka, kama muda) ambao fomula yake ya uwezekano limbikizi, yaani uwezekano wa kupata thamani isiyozidi kiasi fulani, inaweza kugeuzwa kinyume.

Ukipendelea kitendakazi kilicho tayari, kumbuka kwamba random.expovariate inataka kasi, yaani idadi ya magari kwa dakika, ambayo ni 1/4, ilhali numpy.random.exponential, ya maktaba ya NumPy, inataka wastani wenyewe, yaani 4. Ukiipa expovariate 4, matatu zitakuwa zikifika, kwa wastani, kila baada ya sekunde 15.