Kabla ya Kununua Mtamba wa Lita Nyingi

Nilipoanza kufuga ng'ombe wa maziwa hapa Muheza, nilikwenda nyanda za juu nikanunua mtamba ambaye kwa maelezo ya muuzaji alikuwa karibu Friesian kamili, yaani ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya. Swali nililouliza lilikuwa moja tu: mama yake alikuwa akitoa lita ngapi kwa siku? Nilijibiwa lita 25, nikalipa. Sikuuliza mama huyo alikuwa akila nini, wala alizaa mara ngapi, na maswali hayo mawili ndiyo ninayomsihi kila anayetaka kuanza ufugaji huu ayatangulize.

Mtamba wangu alipozaa alifika lita 18, na majirani walikuja kumtazama. Ilipoingia Januari, joto la mchana likipita nyuzi 30, alikaa akihema mdomo wazi chini ya mwembe, akala nusu ya majani niliyomkatia, na maziwa yakashuka hadi lita 9. Baadaye aliugua ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, akapona kwa gharama kubwa, kisha akahimilishwa (akapandikizwa mbegu za dume) mara 4 ndipo aliposhika mimba. Kutoka uzazi wa kwanza hadi wa pili ilipita miezi 20.

Kosa halikuwa la ng'ombe. Friesian ametokana na mifugo ya pwani ya kaskazini ya Uholanzi na Ujerumani, kwenye baridi na majani laini, na vizazi vyake vimechaguliwa kwa muda mrefu kwa ajili ya maziwa kuliko jambo jingine lolote. Matokeo yake ni makubwa na hayastahili kubezwa: nchini Marekani, wastani wa ng'ombe mmoja wa maziwa mwaka 1950 ulikuwa kama kilo 2,400 kwa mwaka, na leo unapita kilo 10,000. Maziwa mengi kutoka kwa ng'ombe wachache yameshusha bei kwa mlaji, na hata hewa chafu inayotolewa kwa kila lita imepungua. Lakini mafanikio hayo yanategemea nafaka, feni, chanjo na daktari aliye karibu, na yana deni lake. Dume mmoja wa Holstein, tawi la Friesian lililokuzwa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1962, Pawnee Farm Arlinda Chief, alisambazwa kwa uhimilishaji hadi sehemu kubwa ya Holstein wa leo wakabeba damu yake. Baada ya miongo mingi wanasayansi waligundua kwamba alibeba pia hitilafu ya kurithi ambayo huua mimba pale ndama anapoipokea kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Wafugaji walikuwa wakihesabu lita na hawakuona mimba zilizokuwa zikiharibika. Norway, kwa upande wao, waliamua tangu miaka ya 1970 kuchagua madume kwa kuangalia pia afya ya kiwele na uwezo wa binti zao kushika mimba, na ng'ombe wao mwekundu anasifika kwa hilo mpaka leo.

Ng'ombe wangu wa pili alikuwa chotara, nusu Friesian na nusu zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu. Hakuwahi kupita lita 11. Hata hivyo nilikuwa nikiandika kila lita kwenye daftari, na hesabu ilinishangaza: yule wa kwanza alinipa lita 3,000 katika miezi 20, yaani 150 kwa mwezi, ilhali chotara alinipa lita 2,100 na kuzaa tena baada ya miezi 13, yaani zaidi ya 160 kwa mwezi, akila mabingobingo, pumba na mashudu kidogo ya alizeti. Kama una eneo la baridi, malisho ya uhakika mwaka mzima na soko linalolipa vizuri, huenda daftari lako likasema tofauti, na ulifuate.

Ushauri wangu kwa ukanda wa joto na kupe ni kwamba uamue mapema kiwango cha damu ya kigeni na usivutwe kukipandisha kila kizazi. Wengi hupandisha Friesian juu ya Friesian hadi mjukuu wa chotara mzuri anakuwa yule yule mtamba wangu wa mwanzo. Kuzalisha chotara kwa chotara nako hupunguza nguvu ya uchotara, yaani ule ubora wa ziada unaopatikana aina mbili tofauti zinapochanganywa, kwa hiyo mimi hubadilishana mbegu: kizazi hiki Friesian au Jersey, kizazi kijacho aina zinazovumilia joto, yaani Sahiwal, Boran au Mpwapwa. Huyu wa mwisho alitengenezwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya Sindhi mwekundu, Sahiwal, zebu wetu, Boran na damu kidogo ya Ayrshire, na inasikitisha kwamba idadi yake ni ndogo kiasi hiki wakati aliumbwa kwa ajili ya ukame wetu.

Mhimilishaji anapokuja, usimwachie achague mrija wowote wa mbegu uliomo kwenye mtungi wake. Mwambie asili ya jike lako, mwombe namba ya dume, iandike pamoja na tarehe, na kabla ya kumhimilisha binti wa ng'ombe huyo hakikisha namba hiyo hairudi. Wanaotumia dume la mtaani wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu baada ya miaka mitatu hivi dume hilo huanza kupanda mabinti zake lenyewe bila mtu kutambua.