Roboti letu halichekeshi, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo anko. Nipo kidato cha tatu shule moja huku Temeke, nipo klabu ya drama. Tunaandaa komedi ya familia ya Mbagala iliyoletewa roboti la kazi za ndani, tumelishonea nguo ya maboksi na foili, sauti tumerekodi kwenye simu tunaipiga kwa spika. Juzi tumejaribu mbele ya kidato cha pili hakuna aliyecheka, afu mwalimu anasema mchezo wetu hauna utu. Zimebaki wiki tatu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Maboksi toeni leo leo. Foili inapiga kelele kila akigeuka na boksi linaficha uso, sasa sisi wa viti vya nyuma tutamsoma wapi? Na jua kwamba neno roboti limezaliwa jukwaani hukohuko, kwenye mchezo wa Karel Čapek wa Cheki uliotoka 1920, kaka yake Josef ndo alimpa hilo neno, limetokana na robota yani kazi ya kulazimishwa, na maroboti yake hayakuwa na bati wala nyaya, yalifanana na watu kabisa. Tena waliotangulia kuuigiza, Januari 1921, ni waigizaji wa ridhaa wa mji wa Hradec Králové hukohuko Cheki, mji mkuu Prague ukafuata. Waigizaji wa ridhaa kama nyie!

Spika nayo hapana. Umeme ukikatika roboti limekufa, na sauti ya kurekodi haijui kusubiri watu wamalize kucheka.

Sasa kuchekesha. Roboti lisijaribu kuchekesha hata kidogo, lipeni sheria moja tu, halijui kudanganya. Mama ana marejesho ya vikoba, hodi inapigwa, anaingia chini ya kitanda anaagiza sema sipo.

"Shikamoo. Mama hayupo. Ndo alivyosema niseme, yuko chini ya kitanda."

Liseme taratibu, kwa adabu zote. Watu watacheka kwa sababu huyo mama wanamjua, wengine wametoka nae nyumbani asubuhi.

Utu mnao tayari ila mmeupita. Jirani kafiwa, baba anatuma rambirambi kwa simu afu analiagiza roboti likakae mkekani kwa niaba ya familia. Linakaa. Watu wanaondoka mmoja mmoja, lenyewe linabaki na mfiwa maana hakuna aliyeliambia liondoke, mfiwa analisogezea kikombe cha chai, halinywi, linakishika tu kwa mikono miwili. Hapo msiongee jamani, hesabuni kimoyomoyo mpaka kumi, hata kama ukumbi mzima unawaangalia na mnatetemeka. Afu baba anatokea, anavua kandambili, anakaa pembeni yake. Msimpe baba hotuba, nawaomba sana, zimeni taa akishakaa tu.