Swali la Lugha: Aliifunga Misri au Aliifungia Misri?

SWALI: Nimeandika makala kuhusu Ad-Diba, mshambuliaji wa Misri wa miaka ya 1950. Niliandika: "Ad-Diba aliifunga Misri mabao manne katika fainali ya 1957." Mhariri akabadilisha ikawa "aliifungia". Pia amekata "alichezesha fainali ya 1968", akidai kinachochezeshwa ni ngoma au watoto, si mechi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa la kwanza mhariri amekuokoa. Kwa la pili umeonewa.

Ukiandika "aliifunga Misri", msomaji atamwona Ad-Diba amevaa jezi ya Ethiopia. Katika lugha ya soka, yambwa (anayetendwa) ya "funga" ni yule anayeumia. Ndiyo maana shabiki wa Simba hutamba kwamba "tumeifunga Yanga". Anayenufaika huja na kauli ya kutendea, yaani "funga" ikiwa "fungia". Tarehe 16 Februari 1957 mjini Khartoum, Misri iliichapa Ethiopia 4-0 katika fainali ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na mabao yote manne yalikuwa ya Ad-Diba. Basi aliifunga Ethiopia, akaifungia Misri. Katika nusu fainali walipoilaza Sudan 2-1, Raafat Attia aliifungia Misri bao kwa penalti, Ad-Diba akaongeza la pili. Jumla ya Ad-Diba ikawa mabao matano kati ya sita ya timu nzima.

Ila usiliache neno "mabao" likadondoka. "Aliifungia Misri", bila bao, husomeka kama adhabu ya shirikisho: kufungia ni pia kumzuia mtu asishiriki. Na makala yako ina hatari hiyo hasa, kwa kuwa mashindano yale yale yaliikosa Afrika Kusini, ambayo serikali yake ya ubaguzi haikukubali timu ya weusi na weupe pamoja. Ethiopia, iliyopangwa kukutana nayo, ikaingia fainali bila kutoka jasho. Ukiandika "Afrika Kusini ilifungiwa" kisha mstari wa pili "Misri ilifungiwa mabao manne na Ad-Diba", sarufi haijavunjika popote, lakini msomaji atarudia mara mbili. Epuka kauli ya kutendewa ("fungiwa") hapo.

Mambo ni hayo hayo kwa "cheza". Mohamed Diab El-Attar, ndilo jina kamili la Ad-Diba, aliichezea Al-Ittihad ya Alexandria. Mitaani tunasema "alicheza Ittihad" na tunaelewana. Kwenye makala, kauli ya kutendea inapendeza zaidi, ingawa nayo ina ujanja wake. Mtu akikuambia "usinichezee" hakuzungumzii usajili, na beki anayemchezea mshambuliaji rafu hayuko upande wake!

Sasa "chezesha". Mwaka 1968, mjini Addis Ababa, mtu yule yule alirudi kwenye fainali ya Afrika akiwa na filimbi, Kongo-Kinshasa dhidi ya Ghana. Refa ndiye anayeufanya mchezo uchezwe: anaanzisha, anasimamisha, anaruhusu uendelee. Hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendesha, na watangazaji wa redio wamekuwa wakisema "mechi inachezeshwa na..." tangu sijazaliwa. Sioni sababu ya kuwasahihisha.

Nadhani mhariri wako angependa "aliamua fainali", kwa kuwa tuna neno mwamuzi. Siikatai, lakini ina utata mbaya kwa refa. Anayeamua mechi, kwa masikio ya wengi, ni aliyeleta ushindi. Refa akiitwa hivyo, watu wataanza kuuliza alilipwa na nani. Kongo ilishinda 1-0, na aliyeiamua mechi kwa maana hiyo ni Kalala, mfungaji wa bao lenyewe. Ad-Diba aliichezesha. Irudishe sentensi yako ilivyokuwa.