Urea kwenye maharage? Ngoja nikusimulie aibu yangu

Juzi msomaji wa Masindi kaniandikia: "Kaka, nimeshanunua mfuko mzima wa mbolea ya urea kwa ajili ya maharage ya maganda. Niimwage lini?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Huyo alikuwa mimi.

Msimu wangu wa kwanza hapa Luwero, Uganda, nilikopa hela kwa shemeji, nikakodi robo eka. Mwenye duka la pembejeo akaniambia, "Mwaga urea, bosi, utaniletea kuku." Nikamwaga mara mbili. Wallahi shamba lilipendeza! Majani mapana, kijani cha kukolea, hata watu wa boda boda wanasimama kutazama, nami kifua mbele. Maganda sasa? Ya kuhesabu. Magunia kumi niliyomwahidi mchuuzi wa soko la Nakasero, Kampala, yakawa mawili. Mpaka leo shemeji akinikuta harusini huuliza, "Yale majani hayajambo?" Mwenye duka hata pole hakunipa. Na kuku hakumpata.

(Ingekuwa kunde za mboga, ningeyauza majani yenyewe nikapona.)

Maharage, kunde na njegere hujipatia naitrojeni, chakula kinachokuza majani, kwa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi. Urea ni naitrojeni asilimia 46. Mtu ukimwekea ugali mezani kila siku, jembe atalishika saa ngapi? Nilipong'oa miche yangu, vinundu vilikuwa vichache, na ndani vyeupe. Kinundu kinachofanya kazi ukikipasua ni chekundu-chekundu.

Msimu uliopita nilichanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza miezi mitatu. Siku ya kupanda nikatia DAP kidogo, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, kwenye mfereji, nikaifunika udongo isiguse mbegu, kwa sababu njaa kubwa ya maharage ni fosforasi. Magunia kumi na moja, robo eka ileile! Sijisifu. Haya, najisifu.

Ndugu zangu, tuache kulima kwa kusikia. Samadi mbichi inaunguza miche na kukujazia magugu. Nanyi mnaohubiri samadi peke yake, fosforasi yake ni ndogo na ardhi zetu nyingi zimechoka. Samadi na mbolea ya dukani si wake wenza, vinakaa nyumba moja.

Kaka wa Masindi, urea yako usiitupe. Yape mahindi yakifika magotini, mvua ikiwa imelowesha ardhi, na uifukie.