Maswali na majibu: Kundi zima likibuni kiumbe kimoja

Safu iliyopita niliwagusia mashabiki wa Pokémon, gemu la viumbe wanaopambana, wa kundi la Smogon ambao tangu mwaka 2007 wanabuni viumbe vyao wenyewe kwa pamoja. Wanajadili, wanapiga kura, wanahamia hatua inayofuata, mpaka kiumbe anapata umbo, nguvu na jina. Mradi unaitwa Create-A-Pokémon, wenyewe wanauita CAP. Kampuni yenye gemu haihusiki kabisa. Viumbe hao wanachezwa kwenye Pokémon Showdown, programu ya mapambano ya mashabiki. Nilidhani nimeandika habari ya watu wachache. Kumbe mmejaa mnaoendesha miradi kama hiyo kwenye magrupu yenu, na wengi mmeshachoka. Haya, tuzichambue barua.

Habari za kazi, kaka. Tuko watu thelathini na kitu kwenye grupu. Tulianza na shindano la picha, akashinda kifaru mwenye mabawa ya moto. Sasa ni wiki ya tatu tunagombana: hawa wanataka awe na kasi, wale wanataka awe ukuta usiobomoka. Tumekosea wapi? (Msomaji, Mbeya)

Mmepaka rangi nyumba kabla ya kuchimba msingi, ndugu yangu. Picha nzuri kila mtu anaipenda kwa sababu yake. Wewe umeona mabawa ukafikiria kasi, mwenzako kaona ngozi nene akafikiria ukuta, na wote mlipigia kura picha ileile. Ugomvi wenu ulizaliwa siku hiyo hiyo ya ushindi, ila ulikuwa bado mchanga.

CAP wanaanza na wazo. Ni maneno machache yanayoeleza kiumbe huyu anakuja kufanya nini katika mapambano, au anakuja kujibu swali gani kuhusu gemu lenyewe. Mfano ninaoupenda ni Mollux, konokono wao wa mwaka 2012. Wazo lake lilikuwa kuchukua aina inayodharauliwa (aina ni asili ya kiumbe, kama Moto au Maji, nayo huamua mapigo gani yanamuumiza zaidi) na kuifanya iheshimike. Wakachagua Moto na Sumu kwa pamoja, muunganiko ambao wakati huo hakuna kiumbe rasmi hata mmoja aliyekuwa nao. Na ulistahili kudharauliwa: pigo la Ardhi linamuumiza mara nne, na Maji, Mwamba na Akili yanamuumiza mara mbili.

Sasa angalia wazo linavyofanya kazi. Walipofika hatua ya kipaji, yaani uwezo wa pekee wa kiumbe unaofanya kazi wenyewe, mjadala ulikuwa na pa kurudi: kipaji gani kinaufanya udhaifu huu uwe na faida? Jibu likawa kile kinachoitwa Dry Skin. Mwenye kipaji hicho akipigwa na Maji haumii, anapona robo ya uhai wake. Kwa hiyo kiumbe wa Moto, ambaye kila mtu angemkimbilia na ndoo ya maji, akageuka mtu wa kunyweshwa. Hakuna aliyeliota hilo siku ya kwanza. Lilipatikana kwa sababu kila mchangiaji alipimwa kwa swali moja tu, na swali lile halikuwa "unapenda nini?"

(Miaka minne baadaye, katika gemu za Sun na Moon za mwaka 2016, waundaji rasmi nao walileta mjusi wa Moto na Sumu, Salandit. Sisemi waliiga. Nasema mashabiki walitangulia.)

Mchoro wa CAP unaanza baada ya aina kujulikana, si kabla. Kwenu maji yameshamwagika, lakini kifaru msimtupe. Simamisha mabishano kwa siku tatu. Waombe watu waandike, kila mmoja kwa sentensi mbili, kifaru huyu ana kazi gani timu ikiwa uwanjani. Chagua mapendekezo manne yenye hoja, pigeni kura, na linaloshinda libandikeni juu ya grupu lisishuke. Na mwambie mchoraji mapema, faraghani, kwamba mabawa yanaweza kupunguzwa. Akiyasikia kwenye grupu mbele za watu hamtakuwa na mchoraji.

Kuna mwanachama mmoja, kila tukijadili aina yeye anazungumzia mapigo, tukijadili kipaji yeye ameshafika kwenye jina. Anajua sana gemu, sitaki kumfukuza. (Dada mmoja, Nakuru)

Huyo anadandia gari kwa mbele, na kila kundi linaye. Smogon wana neno lao la kosa hili na wanalichukulia kwa uzito: ni marufuku kujadili jambo la hatua ambayo bado haijafunguliwa. Ukiingia mara ya kwanza unaona ni ukali wa bure. Mimi pia niliona hivyo.

Ubaya wake ni huu. Mtu akisema "tuchague Maji kwa sababu baadaye tutampa pigo fulani", amewapa watu kura yenye masharti. Wanachagua Maji, halafu hatua ya mapigo ikifika pigo lile linakataliwa, na mnabaki na aina ambayo hakuna aliyeitaka kwa ajili yake yenyewe. Nimewahi kuongoza kundi dogo lililofanya hivyo. Tulimaliza na kaa wa baharini asiye na sababu ya kuwa baharini.

Dada, mwambie huyo mjuzi aandike yote kwenye daftari lake, na umpe tarehe hatua ile itakapofunguliwa. Siku hiyo ikifika awe wa kwanza kuitwa. Wajuzi wengi wanaruka foleni kwa hofu ya kusahauliwa tu.

Tulipiga kura ya aina, iliyoshinda ilipata 12 kati ya 30. Wengine 18 wananung'unika kwamba wameibiwa. Mimi kama admini nasema sheria ni sheria. Nimekosea? (Msomaji, Tabata)

Hujaiba, lakini manung'uniko yao yana msingi. Tuseme Moto na Sumu ilipata 12, Maji na Barafu 10, Maji na Umeme 8. Watu 18 walitaka Maji, wakagawana, na Moto ukapita katikati yao. Kura ya kuchagua kimoja tu ina tabia hiyo kila chaguo mbili zinapofanana.

Dawa ni kumwambia kila mpiga kura apange: la kwanza, la pili, la tatu. CAP wamekuwa wakitumia kura za namna hiyo. Chaguo la mwisho linaondolewa na kura zake zinahamia kwenye chaguo la pili la wenyewe. Kwenye mfano wetu, wale 8 wa Maji na Umeme wakihama, 6 wakaenda Maji na Barafu na 2 wakaenda Moto, hesabu inakuwa 16 kwa 14. Mshindi amebadilika na hakuna aliyepiga kura mara mbili. Kuhesabu watu 30 kwa karatasi ni kazi ya nusu saa.

Jambo jingine ni aliyeshindwa anabaki na nini. Mojang, wenye Minecraft, walikuwa na kura ya mashabiki kuchagua kiumbe mpya, kuanzia 2017 hadi 2023. Mmoja anaingia kwenye gemu, wengine wanaachwa. Mwaka 2023 mashabiki walifika hadi kusaini ombi la kuipinga, na 2024 kampuni ikatangaza kuiacha. Ukishindwa pale, ulikuwa umeshindwa mpaka kura inayofuata. Anayeshindwa kwenye aina katika CAP bado ana kipaji, takwimu (namba za kasi, shambulio na nyinginezo), mchoro, mapigo na jina mbele yake. Wakumbushe wale 18 hivyo kabla hawajaondoka.

Mimi ndiye kiongozi, na wazo langu ndilo bora. Naruhusiwa kuliwasilisha? (Msomaji asiyetaka kutajwa)

Hapana. Bora iwe hivyo, kaka, kwa sababu una silaha ambayo wengine hawana. Wengi hudhani kiongozi kazi yake ni kuhesabu kura. Katika CAP kiongozi husoma mjadala wote kisha huamua ni chaguo zipi ziingie kwenye kura. Anaweza kuliacha nje jambo lenye mashabiki wengi kama hakuna aliyelitetea kwa hoja, na akaingiza la mtu mmoja aliyelieleza vizuri. Hayo ni mamlaka makubwa kuliko kura yoyote. Ukiyashika pamoja na wazo lako mwenyewe, hata ukichagua kwa haki hakuna atakayeamini.

Ukiona huwezi kukaa kimya, mpe mtu mwingine uongozi wa hatua hiyo. Nao CAP wamegawana: kuna kiongozi mkuu, na chini yake kuna msimamizi wa aina, wa kipaji, wa takwimu na wa mapigo.

Kiumbe wetu amekuwa na nguvu kupita kiasi. Kila anayemtumia anashinda. Tupunguze wapi? (Msomaji, Kampala)

Anza na kasi. Watu huangalia namba kubwa ya shambulio wakashtuka, kumbe balaa liko kwenye tofauti ndogo ya nani anaanza kupiga. Garchomp, joka la ardhini lililoingia kwenye Pokémon mwaka 2006, ana kasi ya msingi 102. Viumbe vingi hatari wa wakati ule walikuwa na 100 kamili. Pointi mbili tu, lakini maana yake anawatangulia wote wale badala ya kurushiana nao shilingi kila wanapokutana. Zile pointi mbili zilikuwa na thamani kuliko ishirini zozote ambazo ungempa kwingine.

Kwa hiyo orodhesheni viumbe kumi mnaokutana nao zaidi, andikeni kasi ya kila mmoja, mwamue huyu wenu awatangulie wangapi. Baada ya hapo chezeni mapambano mengi, na wachezeshe pia waliokuwa wakimpinga. Wao wataona matundu ambayo wapenzi wake hawayaoni.

Ombi moja: msitibu tatizo kwa kubuni kipaji kipya kabisa. CAP walifanya hivyo mwanzoni. Syclant, kiumbe wao wa kwanza, ni Mdudu na Barafu, na mtego wa mawe uitwao Stealth Rock humkata nusu ya uhai kila anapoingia uwanjani. Wakamtungia kipaji cha kuyakwepa mawe anapoingia. Alipona, sawa, lakini ukitunga dawa yako mwenyewe hujajifunza chochote kuhusu ugonjwa. Viumbe vyao vya baadaye vilirudi kwenye vipaji vilivyokuwemo tayari ndani ya gemu, na kwa maoni yangu ndivyo vilivyonoga zaidi.

Tukimaliza tumtume kwa kampuni, huenda wakamweka kwenye gemu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mdogo wangu, usipoteze bando. Nintendo, kampuni iliyo nyuma ya Pokémon, hawapokei mawazo yanayotumwa na watu wa nje bila kuombwa, na wana sababu za kisheria. Mtumieni wenyewe, bure. Msimuuze, msiweke nembo zao, msimwite rasmi. Mwaka 2016 gemu la mashabiki liitwalo Pokémon Uranium, lililotengenezwa kwa takriban miaka tisa, liliondolewa na watengenezaji wake siku chache tu baada ya kutoka, kufuatia madai ya wanasheria. Kiumbe mmoja kwenye grupu hajawatisha kiasi hicho, ila mkianza kuchapisha fulana za kuuza ni habari nyingine.

Tuko kwenye jina. Majina ya Kiingereza yanaunganishwa maneno mawili, sisi tukijaribu kwa Kiswahili yanakuwa marefu kama treni ya mizigo. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

Hili nimelipenda. Kweli, Mollux ni "mollusc", neno la Kiingereza la jamii ya konokono, na "lux", neno la Kilatini la mwanga, yamebanwa yakawa silabi mbili. Kiswahili hakibaniki hivyo, karibu kila silabi inataka irabu yake. Na kumbukeni kisanduku cha jina kwenye gemu za Pokémon za leo hakizidi herufi 12; zamani zilikuwa 10.

Lakini sisi tuna kitu ambacho wao hawana. Viumbe hawa hukua kwa hatua, mara nyingi tatu, na lugha yetu ina hatua tatu tayari ndani ya sarufi. Kijoka, nyoka, joka. Kidege, ndege, dege. Kijibwa, mbwa, jibwa. Mtoto yeyote wa Tanga akisikia majina hayo matatu anajua bila kuelezwa nani mdogo na nani wa kuogopwa. Tafuteni mnyama wenu, mpitisheni kwenye ngazi hizo, mwone anasikikaje. Kisha ongezeni kionjo kimoja tu: rangi, au mlio, au tabia.

Na wale wa Mbeya, kama mnasoma mpaka hapa: kifaru wenu tayari ana *ki-* mbele, kama kitoto. Akikua anaweza kuwa Faru, neno ambalo lipo na kila mtu analielewa. Ila mkiamua awe ukuta, muacheni alivyo. Kifaru ni lile gari la vita pia.