Wadi si mto mkavu

Mwanangu,

Barua yako imenifikia. Unasema unatafsiri habari za jangwa na umekwama kwenye neno "wadi": lina maana gani, limetoka wapi, maana wewe wadi unayoijua ni ya hospitali. Hiyo ya hospitali tumeipata kwa Waingereza, zimefanana kwa sauti tu. Hili la jangwani ni la Kiarabu.

Wengi hulieleza kuwa ni "mto mkavu". Mimi sikubaliani nao. Mzizi wake unahusu kutiririka, si kukauka. Isome Qur'ani, Sura ya 13, aya ya 17: maji yanateremshwa kutoka mbinguni, na mabonde yanatiririka kwa kadiri yake. Mabonde hayo kwa Kiarabu ni awdiya, wingi wa wadi. Tazama, mwanangu, kinachotiririka pale ni bonde lenyewe!

Waarabu walipotawala Andalusia waliuita hivyo hata mto usiokauka. Guadalquivir ya Hispania ni al-wadi al-kabir, wadi kubwa. Na ukikuta "oued" kwenye ramani ya Algeria, ni neno lile lile kwa tahajia ya Kifaransa.

Ukipata picha ya wadi, usiishie kwenye mchanga. Inua macho kwenye migunga. Utaona vijiti na majani makavu yaliyonasa matawini, pengine juu kuliko kimo cha mtu: maji yalifika hapo. Chini, tope limepasuka vipande vipande, kingo zimejikunja. Mvua huweza kunyesha milimani, mbali kabisa, na huku wadini jua linawaka. Ardhi ngumu isiyo na majani hainywi maji upesi, basi yote hukimbilia bondeni kwa pamoja. Watu wamekufa maji humo wakiwa wamelala hemani. Mafuriko yakipita, maji mengine hubaki chini ya mchanga, na ndiyo maana visima huchimbwa humo.

Kwa hiyo usiandike "mto mkavu", wala "korongo". Liache "wadi", na mara ya kwanza ueleze: bonde la jangwani linalopitisha maji mvua ikinyesha. Kuhusu ngeli, mimi ningeandika "wadi hili, mawadi haya", kama bonde na mabonde, ili msomaji asije akadhani kuna wagonjwa.

Mama yako